Kuandika Kanuni za Ruhusa Zinazosomeka: Somo la Programu ya Tovuti kwa Lugha ya Ruby

UTANGULIZI

Kila shule ya msingi ina madaftari ambayo si kila mkono unaruhusiwa kuyagusa. Daftari la mahudhurio ni la mwalimu wa darasa. Alama za mtihani huandikwa na mwalimu wa somo, na zikishatiwa sahihi hazifutwi. Kumbukumbu za nidhamu hukaa kabatini kwa mwalimu mkuu. Mwanachuo hujifunza desturi hizi katika juma la kwanza la mazoezi ya kufundisha, na aghalabu hapana anayemwambia kwa maneno. Huona kabati limefungwa, akaelewa.

Programu ya kompyuta haina kabati wala haioni haya. Hutenda lile tu lililoandikwa ndani yake. Kwa hiyo desturi yote ya shule kuhusu nani aone nini na nani abadili nini haina budi kuandikwa mstari kwa mstari. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha namna ya kuandika kanuni hizo katika programu ya tovuti iliyotengenezwa kwa lugha ya Ruby, ili ziweze kusomwa na mtu aliyezitunga, hata kama mtu huyo si fundi wa kompyuta.

Umuhimu wa jambo hili tulijifunza kwa aibu. Miaka michache iliyopita, wakufunzi wanne pamoja na wanachuo wa mwaka wa pili tuliandika programu ya kuhifadhi alama kwa ajili ya shule moja ya msingi ambako wanachuo wetu hufanya mazoezi. Mwalimu mkuu wa shule hiyo alitupa kanuni yake kwa maneno machache: alama husahihishwa na mwalimu wa somo peke yake, tena kabla daftari halijafungwa; likishafungwa hapana wa kuligusa mpaka yeye mwenyewe alifungue. Tuliandika programu, tukampelekea, naye akatia sahihi karatasi ya kukubali kwamba kanuni yake imefuatwa. Hakusoma programu. Alituamini.

Muhula ulipokwisha, mama mmoja alifika shuleni akiwa na karatasi ya mtihani wa Hisabati ya binti yake wa darasa la sita. Karatasi ilionyesha alama 71. Taarifa ya maendeleo iliyotolewa na programu ilionyesha 17, na mtoto alikuwa amekwisha kupangwa katika kundi la masomo ya marudio. "Mwalimu," alisema yule mama, "mtoto amelia siku mbili. Tuamini karatasi au tuamini mashine?" Uchunguzi ulionyesha kwamba siku tisa baada ya daftari kufungwa, mwalimu wa somo jingine alitaka kurekebisha alama ya mwanafunzi wake, akakosea safu, akaandika 17 mahali pa 71. Mwalimu huyo hakuwa na nia mbaya. Lakini kwa kanuni ya shule mlango ule ulipaswa kuwa umefungwa, nao ulikuwa wazi.

Tulifungua programu mbele ya mwalimu mkuu, tukamwonyesha mstari uliohusika. Aliutazama kwa muda, kisha akauliza, "Walimu wenzangu, kanuni yangu iko wapi hapa?" Sisi wenyewe tuliusoma mara tatu, na watu wanne tukaueleza kwa namna mbili zinazopingana. Somo hili limetokana na swali lile.

MADHUMUNI YA SOMO

Mwanachuo akimaliza somo hili aweze:
(a) kutofautisha kumtambua mtumiaji na kumruhusu mtumiaji;
(b) kuandika kanuni ya ruhusa kwa Kiswahili kabla ya kuiandika kwa Ruby;
(c) kuikusanya kanuni mahali pamoja na kuyapa masharti yake majina;
(d) kutunga majaribio yatakayohakikisha kwamba kanuni inafuatwa.

Zana: ubao, kadi za manila, daftari la alama la mfano, na kompyuta moja ikiwa ipo. Sehemu kubwa ya somo yaweza kufundishwa bila umeme.

KUTAMBUA NA KURUHUSU

Jambo la kwanza ni kutenga maswali mawili ambayo wanaoanza huyachanganya. Swali la kwanza ni: Wewe ni nani? Programu hulijibu kwa jina na nenosiri. Swali la pili ni: Wewe, ambaye nimekwisha kukutambua, unaruhusiwa kufanya hili? Mgeni anayebisha hodi akajibiwa karibu ametambuliwa. Lakini kukaribishwa barazani si kuruhusiwa kuingia chumbani. Yule mwalimu aliyekosea safu alitambuliwa barabara. Kasoro ilikuwa katika swali la pili.

Wala kasoro ya namna hii si ya chuo chetu peke yetu. Shirika la OWASP, linalochunguza usalama wa programu za tovuti, lilipotoa orodha yake ya hatari kumi kubwa mwaka 2021, udhibiti mbovu wa ruhusa uliwekwa nafasi ya kwanza. Katika orodha ya mwaka 2017 ulikuwa nafasi ya tano.

Hapa Tanzania jambo hili lina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Jina la mtoto, alama zake na hali ya afya yake ni taarifa binafsi. Shule inayozihifadhi haiwezi kujitetea kwa kusema kwamba kompyuta ndiyo iliyoruhusu.

LUGHA YENYEWE

Lugha ya Ruby ilibuniwa na Yukihiro Matsumoto wa Japani, aliyeanza kuitengeneza mwaka 1993 na kuitoa hadharani mwaka 1995. Nia yake ilikuwa kupata lugha ya kompyuta inayompendeza mtu anayeitumia. Mwaka 2004 David Heinemeier Hansson, raia wa Denmark, alitoa Ruby on Rails, ambayo ni kiunzi cha kujengea programu za tovuti. Programu yetu ya alama ilijengwa juu ya kiunzi hicho.

Ili kufuata mifano iliyo hapa chini mwanachuo anahitaji kujua alama chache tu. Neno def huanzisha maelezo ya tendo, na neno end huyafunga. Alama && husomwa "na"; alama || husomwa "au"; alama ! husomwa "si". Jina linaloishia kwa alama ya kuuliza, kwa desturi ya Ruby, ni swali linalojibiwa ndiyo au hapana. Desturi hiyo ya mwisho ndiyo inayoifanya Ruby ifae sana kwa kazi yetu, kwa kuwa kila kanuni ya ruhusa kwa hakika ni swali.

KANUNI ILIVYOKUWA IMEANDIKWA

Huu ndio mstari tuliomwonyesha mwalimu mkuu:

if !(u.cheo != "mwalimu" && u.cheo != "mkuu") || u.id == a.mwalimu_id && !a.fungwa
  a.update(alama: params[:alama])
end

Tuuchambue pamoja. Ndani ya mabano pameandikwa: cheo chake si mwalimu, na cheo chake si mkuu. Mbele ya mabano pana alama ya "si", ambayo hupindua yote yaliyomo. Maana yake basi ni: mtu huyu ni mwalimu, au ni mkuu. Kisha linafuata neno "au". Katika Ruby alama && hushika maneno yaliyo jirani nayo kwa nguvu kuliko alama ||; kwa hiyo sharti la daftari kutofungwa limefungamana na sehemu ya pili tu. Jumla ya maana ni hii: anaruhusiwa kila mwalimu, au mwalimu mkuu, au yule aliyeandika alama ikiwa daftari halijafungwa.

Kwa kuwa kila mwalimu amekwisha kuruhusiwa na sehemu ya kwanza, sehemu ya pili haikuwa na kazi yoyote. Kufuli lilikuwapo, lakini lilitiwa kwenye mlango ambao hapana aliyehitaji kuupita. Mwandishi wa mstari huu hakuwa mzembe. Aliongeza sharti moja leo, jingine juma lililofuata, na kila mara programu iliendelea kufanya kazi. Na mstari kama huo ulikuwa umenakiliwa katika sehemu tatu nyingine za programu, kila mahali kwa tofauti ndogo.

HATUA YA KWANZA: KISWAHILI KABLA YA RUBY

Hatua ya kwanza haihitaji kompyuta. Kanuni iandikwe kwa Kiswahili, kila sentensi ikitaja mtu mmoja, tendo moja na kitu kimoja, pamoja na sharti lake. Kwa programu ya alama tuliandika hivi:

1. Mwalimu wa somo husahihisha alama ya somo lake, ikiwa daftari halijafungwa.
2. Mwalimu mkuu hufunga daftari na kulifungua.
3. Mwalimu wa somo, mwalimu mkuu na mzazi wa mwanafunzi huona alama ya mwanafunzi.
4. Lisilotajwa hapa haliruhusiwi.

Mwanachuo atambue kwamba sentensi ya kwanza haimtaji mwalimu mkuu. Hiyo ndiyo kanuni aliyoitoa yeye mwenyewe: hata yeye hasahihishi alama, bali hufungua daftari ili mwenye somo asahihishe. Programu yetu ya kwanza ilimruhusu kwa sababu tulidhani kwamba mkubwa anaweza kila kitu. Tulichukua cheo tukakifanya kuwa kanuni. Kuandika kwa Kiswahili kulitufichulia kosa hilo kabla hatujagusa kompyuta.

HATUA YA PILI: MAHALI PAMOJA NA MAJINA YA KUELEWEKA

Kanuni zote zinazohusu kitu kimoja zikae katika faili moja, na kila sharti lipewe jina ambalo shule hulitumia. Hivi ndivyo tulivyoziandika upya:

class KanuniZaAlama
  attr_reader :mtumiaji, :alama

  def initialize(mtumiaji, alama)
    @mtumiaji = mtumiaji
    @alama = alama
  end

  def kusahihisha?
    mwalimu_wa_somo? && !daftari_limefungwa?
  end

  def kuona?
    mwalimu_wa_somo? || mwalimu_mkuu? || mzazi_wa_mwanafunzi?
  end

  private

  def mwalimu_wa_somo?
    alama.mwalimu == mtumiaji
  end

  def daftari_limefungwa?
    alama.daftari.limefungwa?
  end

  def mwalimu_mkuu?
    mtumiaji.mwalimu_mkuu?
  end

  def mzazi_wa_mwanafunzi?
    mtumiaji.watoto.include?(alama.mwanafunzi)
  end
end

Kanuni ya kufunga na kufungua daftari tuliiweka katika faili jirani, kwa kuwa hiyo inahusu daftari lenyewe, si alama moja moja.

Tusome kwa sauti tendo la kusahihisha: mwalimu wa somo, na si daftari limefungwa. Msomaji asiyejua Ruby atakwazwa na alama mbili au tatu tu, nazo aweza kuelezwa kwa dakika moja. Faili lina tabaka mbili. Tabaka la juu ni kanuni, nayo ni mali ya shule. Tabaka la chini, lililo baada ya neno private, ni ufafanuzi wa masharti, nalo ni kazi ya fundi. Mtu anayetaka kujua nani anaruhusiwa husoma juu. Anayetaka kujua sharti linapimwaje hushuka chini.

Tumekuwa tukiwaonya wanachuo juu ya mambo matatu katika hatua hii. Kwanza, waepuke kukanusha mara mbili; "si kwamba hajafunga" huchosha akili hata kwa Kiswahili. Pili, wasichanganye "na" pamoja na "au" katika mstari mmoja. Ikilazimu, sehemu mojawapo ipewe jina lake. Tatu, wasifupishe majina. Herufi u na a hazimwambii msomaji chochote, ilhali mtumiaji na alama humwambia.

Wapo mafundi waliotengeneza maktaba za kurahisisha kazi hii katika Rails. Maktaba ya CanCan, iliyotolewa na Ryan Bates mwaka 2009 na baadaye kuendelezwa na wengine kwa jina la CanCanCan, hukusanya ruhusa zote za programu katika faili moja. Maktaba ya Pundit, iliyotoka mwaka 2012, hufuata njia tuliyoionyesha hapa: kila aina ya kitu ina klasi yake ya kanuni. Kwa anayejifunza, twapendekeza aanze bila maktaba yoyote, ili aone kwamba hapana uchawi ndani yake.

HATUA YA TATU: KUKATAA KWANZA

Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder walichapisha makala juu ya kulinda taarifa katika kompyuta, na misingi minane waliyoieleza ingali inafundishwa hadi leo. Mmojawapo wasema kwamba uamuzi ujengwe juu ya ruhusa, si juu ya katazo. Maana yake, tuorodheshe wanaoruhusiwa, na kila asiyetajwa azuiwe. Tukiorodhesha wanaokatazwa, tutamsahau mmoja, na huyo ataingia. Tukiorodhesha wanaoruhusiwa, tutamsahau mmoja, na huyo atalalamika. Malalamiko husikika, uvujaji haupigi kelele.

Katika Ruby msingi huu huandikwa kwa kuunda klasi mama ambayo kila swali lake hujibiwa hapana:

class KanuniMama
  def kuona? = false
  def kusahihisha? = false
  def kufuta? = false
end

Klasi nyingine zikirithi kutoka kwake, kwa kuandika class KanuniZaAlama < KanuniMama, tendo lolote lisiloelezwa hubaki limekataliwa. Hiyo ndiyo sentensi yetu ya nne ya Kiswahili, iliyogeuzwa kuwa Ruby.

HATUA YA NNE: KILA MLANGO

Msingi mwingine wa wataalamu hao wawili ni kwamba kila ombi la kufikia kila kitu lipimwe. Wanaoanza hudhani kwamba kuficha kitufe cha "Sahihisha" kwenye ukurasa kunatosha. Hakutoshi hata kidogo. Kuficha kitufe ni kupaka rangi mlango ufanane na ukuta. Mtu anayejua kwamba ukurasa wa alama una namba 214 aweza kuandika anwani yake mwenyewe, kisha akajaribu 215. Kipimo kinapaswa kukaa kwenye seva, ndani ya tendo lenyewe:

def update
  alama = Alama.find(params[:id])
  kanuni = KanuniZaAlama.new(mtumiaji_wa_sasa, alama)
  return kataa unless kanuni.kusahihisha?

  alama.update(params.require(:alama).permit(:thamani))
end

Mstari wa mwisho una neno permit, ambalo husema kwamba sehemu moja tu ya kumbukumbu, yaani thamani ya alama, ndiyo inayopokelewa. Sababu yake tuikumbuke. Machi 2012 mtaalamu mmoja alionyesha kwamba tovuti ya GitHub, iliyojengwa kwa Rails, ilipokea sehemu za fomu zaidi ya zile ilizozikusudia. Kwa kuongeza sehemu moja katika fomu aliweza kujipa haki ya kuandika katika hazina ya mradi wa Rails wenyewe. Rails toleo la 4, lililotoka mwaka 2013, lilifanya utaratibu wa permit kuwa wa kawaida. Katika mfano wetu, bila kinga hiyo mwalimu anayeruhusiwa kusahihisha thamani angeweza pia kumhamishia mwanafunzi mwingine alama hiyo.

Orodha nazo ni milango. Ukurasa unaoorodhesha alama zote za darasa hautumii swali la kuona? kwa alama moja moja. Huchukua alama nyingi kwa pamoja. Kwa hiyo orodha yenyewe ichujwe kwa kanuni ileile:

def orodha_ya_kuona
  return Alama.all if mtumiaji.mwalimu_mkuu?
  return Alama.where(somo: mtumiaji.masomo) if mtumiaji.mwalimu?
  return Alama.where(mwanafunzi: mtumiaji.watoto) if mtumiaji.mzazi?
  Alama.none
end

Tumeuacha mfano huu na kasoro moja kwa makusudi. Mwanachuo aitafute kabla ya kufika kwenye mazoezi.

HATUA YA TANO: MAJARIBIO

Kanuni isiyojaribiwa ni nia njema tu. Kabla ya kuandika majaribio kwa Ruby, tuchore jedwali ubaoni: safu ya mtu, safu ya hali ya daftari, na safu ya jibu. Mwalimu wa somo, daftari wazi: ndiyo. Mwalimu wa somo, daftari limefungwa: hapana. Mwalimu wa somo jingine, daftari wazi: hapana. Mwalimu wa somo jingine, daftari limefungwa: hapana. Mwalimu mkuu, kwa hali zote mbili: hapana. Mzazi, kwa hali zote mbili: hapana. Kila mstari wa jedwali ni jaribio moja:

test "mwalimu wa somo hasahihishi daftari likishafungwa" do
  kanuni = KanuniZaAlama.new(mwalimu_wa_hisabati, alama_iliyofungwa)
  refute kanuni.kusahihisha?
end

Mwanachuo aone kwamba katika jedwali hilo lenye mistari minane, tukihesabu hali mbili kwa kila mtu, jibu la ndiyo ni moja tu. Majaribio yetu ya kwanza yalikuwa mawili, na yote yalithibitisha kwamba anayeruhusiwa ameruhusiwa. Hatukujaribu hata mara moja kwamba asiyeruhusiwa amezuiwa. Laiti tungeandika mstari wa nne wa jedwali hili, yule binti asingelia.

KANUNI ILIPOSOMWA NA MWENYEWE

Tulipomaliza kuandika upya tuliichapa klasi nzima katika ukurasa mmoja, tukampelekea mwalimu mkuu. Safari hii hatukumwomba sahihi, tulimwomba asome. Alisoma kwa kalamu mkononi kama anayesahihisha insha. Tabaka la juu alilikubali. Alipofika kwenye mwalimu_wa_somo? alisimama.

"Hapa mnasema mwalimu wa somo ni yule aliyeandika alama," alisema. "Mwalimu wetu wa Sayansi amehamishwa mwezi uliopita. Alama za muhula huu aliziandika yeye. Kwa ukurasa huu, yeye aliye wilaya nyingine anaweza kuzisahihisha, na huyu aliyepokea vipindi vyake hawezi."

Alikuwa sahihi. Sisi tulijua Ruby, lakini hatukujua uhamisho wa walimu kama anavyoujua mwalimu mkuu. Tulibadili mstari mmoja:

def mwalimu_wa_somo?
  alama.somo.mwalimu_wa_sasa == mtumiaji
end

Majaribio yetu yasingelitambua kosa hilo, kwa kuwa sisi tulioyatunga hatukuwa tumelifikiri. Lilitambuliwa na msomaji. Hii ndiyo hoja ya makala haya yote: kanuni husomeka si kwa ajili ya urembo, bali ili mwenye kanuni aweze kutukosoa. Sahihi ya mtu asiyeweza kusoma anachokitilia sahihi haimlindi mtoto yeyote.

NAMNA YA KULIFUNDISHA SOMO HILI

Somo lianze na linalojulikana. Mkufunzi aweke daftari la alama la mfano mezani na kumteua mwanachuo mmoja awe mlinzi wa daftari. Wengine wapewe kadi: mwalimu wa Hisabati, mwalimu wa Kiswahili, mwalimu mkuu, mzazi, mwalimu ambaye pia ni mzazi, mwalimu aliyehamishwa. Kila mmoja aende mezani na ombi lake. Mlinzi aamue kwa kufuata karatasi ya kanuni peke yake, bila kutumia busara yake. Hapo ndipo darasa litakapoona mapengo, kwa kuwa mlinzi atalazimika kumruhusu asiyestahili au kumzuia anayestahili.

Kila pengo likionekana, kikundi kirekebishe sentensi ya Kiswahili ubaoni. Baada ya vipindi viwili vya namna hii ndipo Ruby iingie. Tumeona kwamba wanachuo walioanza na mchezo huandika masharti mafupi yenye majina mazuri, ilhali walioanza na kompyuta hukimbilia cheo: ikiwa ni mkuu, ruhusu. Mkufunzi asilikemee kosa hilo. Amrudishe mwanachuo kwenye meza na kadi.

Mwisho wa somo, vikundi vibadilishane kurasa. Kila kikundi kisome kwa sauti kanuni za wenzake na kuzieleza kwa Kiswahili. Wenye kanuni wakae kimya. Wakilazimika kusema, "Hapana, tulikusudia hivi," basi ukurasa umeshindwa, na uandikwe upya.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Katika tendo la orodha_ya_kuona, mwalimu ambaye mtoto wake anasoma shuleni hapo ataona alama zipi, na atakosa zipi? Linganisha na tendo la kuona?. Andika upya orodha hiyo ukijua kwamba Rails huunganisha maswali mawili kwa neno or, kwa mfano Alama.where(somo: masomo).or(Alama.where(mwanafunzi: watoto)).

2. Mwalimu mkuu yuko safarini, na makamu wake anakaimu kwa siku tano. Andika kwa Kiswahili kanuni ya kufungua daftari kwa siku hizo, kisha ulipe jina sharti lake jipya. Je, ruhusa hiyo itakoma vipi asiporudi mtu wa kuifuta?

3. Chukua kanuni moja ya shule unayofanyia mazoezi, iwe ya maktaba, stoo au kumbukumbu za nidhamu. Iandike kwa sentensi zisizozidi tano. Mpelekee anayeisimamia aisome mbele yako, nawe uandike kila swali atakalouliza.

HITIMISHO

Alama ya yule binti ilirudishwa kuwa 71 siku ileile, naye akaondolewa katika kundi la marudio juma lililofuata. Mwalimu mkuu aliufungua ukurasa wetu uliochapwa akaubandika ofisini mwake, karibu na ratiba ya vipindi, ambako mwalimu yeyote aweza kuusoma. Tangu hapo umesahihishwa mara mbili kwa kalamu, na mara zote mbili sisi ndio tuliofuata, tukabadili programu ilingane na ukuta.

Twawaomba wanachuo walitazame jambo hili kama sehemu ya kazi ya ualimu. Wengi wenu hamtaandika programu. Lakini wengi mtaletewa programu na kuombwa sahihi. Siku hiyo mwombeni aliyeileta awaonyeshe ukurasa wa kanuni, nanyi muusome mpaka mwisho kabla ya kushika kalamu.